Mwanahamisi, Hukufanya Saa za Serikali

Mpwa wangu mpendwa Mwanahamisi,

Watu huanza barua kwa salamu. Mie ya kwako nimeiweka chini kabisa, utaikuta ukifika. Usiruke kwenda kuitafuta. Soma kwanza, na kama mwanao Rehema ameshajua kusoma, basi asome yeye kwa sauti huku wewe unamenya viazi vyako hukohuko Morogoro, maana najua mikono yako haijazoea kukaa bure.

Barua hii sikuifunga. Kabla haijapanda basi itasomwa kibarazani kwa Bi Chausiku, balozi wetu wa nyumba kumi, kisha itasomwa kijiweni pale kwa fundi baiskeli, na popote pengine nilipowahi kufungua huu mdomo wangu. Nilikusema mbele za watu, siwezi kujirekebisha chumbani. Kuhusu mwandiko utanisamehe. Unajua shule niliishia darasa la tano; la sita nililiona dirishani nikipita kwenda kuogelea. Ila mwalimu mkuu mwenyewe alikiri kwamba ningeendelea, leo ningekuwa nasaini noti.

Unakumbuka siku niliyokupeleka kwa Bwana Shaibu? Ilikuwa ile miaka ruksa ya biashara imeshika moto, kila mtu Mwananyamala anafungua kibanda, huyu anauza mitumba, yule anauza kanda za muziki. Bwana Shaibu akaweka banda la mabati na kabati la kioo, ndani ya kioo chipsi zimelundikwa kama kichuguu, na watu wanasimama kuzitazama kama wanatazama sinema. Wewe ulikuwa umerudi nyumbani na mtoto wa miezi sita mgongoni, baba yake ameshapotelea zake. Mama yako akaniambia, kaka, wewe unajuana na watu. Mie kusikia hivyo, ningekubali kukupeleka hata Ikulu.

Nilivaa shati langu la mikono mirefu. Nikafika pale nikamwambia Bwana Shaibu, na wewe umesimama nyuma yangu umeinamisha kichwa: "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Hachoki. Kazi ya watu watatu anaimaliza huku anaimba. Na suala la hela usilitie moyoni, mpe chochote, kwetu si watu wa njaa."

Bwana Shaibu akacheka, akasema basi mzee umeniletea jini.

Hakukuwa na karatasi, Mwanahamisi. Nani aliandikishwa karatasi ya kukaanga chipsi enzi zile? Karatasi yako ilikuwa ulimi wangu. Nilikupangia mshahara na saa za kazi kwa majigambo, tukarudi zetu. Njiani ukaniuliza taratibu, "Mjomba, umemuuliza natoka saa ngapi?" Nikanyoosha mkono, nikakuonyesha saa yangu, nikakwambia mambo ya saa niachie mie.

Ile saa. Wote mnaijua, kubwa kama kifuniko cha chupa ya asali, imejaa mkono mzima. Mtaa mzima ulikuwa unajua nilipewa na nahodha wa Kigiriki pale bandarini, siku meli yake ilipokatika kamba na mie nikaishika kwa mikono miwili mpaka wakafunga nyingine. Mwanzoni nilisema watu sita walikuwa wameshindwa kuishika. Mwaka uliofuata wakawa kumi na wawili. Mara ya mwisho kuwahesabu walishafika ishirini na yule mpishi wa meli.

Kumbe pale kwa Bwana Shaibu hakuna saa. Kuna gunia. Nilikuja kuelewa baadaye sana, lakini wewe ulielewa siku ya kwanza: siku inaanza kabla ya alfajiri mnapofungua gunia la viazi, inaisha gunia likiisha. Biashara ikiwa mbaya, mnashinda na gunia moja mpaka usiku mkisubiri wateja. Biashara ikiwa nzuri, ikifika alasiri anafungua la pili. Hali mbaya mnachelewa, hali nzuri mnachelewa. Nyie mlikuwa watatu: wewe, Rajabu mkaangaji, na Anjelina wa Singida. Mnamenya, mnakata, mnaosha, mnapuliza mkaa, mnasimama mbele ya lile karai mpaka nyusi zinapukutika. Mwisho wa mwezi unapewa kitu kidogo, na chipsi zilizolala kwenye mfuko unaambiwa mpelekee mama.

Mie nilijua unatoka saa ngapi. Hapo ndipo penye dhambi yenyewe. Chumba changu ndicho cha mbele, na komeo la mlango wetu linalia kama paka aliyekanyagwa. Kila siku nililisikia likilia kabla muadhini hajasafisha koo. Najigeuza upande wa pili, najifunika.

Halafu kijiweni wakaanza maneno. Yule fundi baiskeli, asiye na haya, akaniambia mtoto wa dada yako anakaangwa kule pamoja na viazi, na wewe ndiye uliyemtia kwenye karai. Watu wakacheka. Unanijua mjomba wako, mie sichekwi. Nikamwambia nani, Mwanahamisi? Yule anafanya saa za serikali. Anaingia saa moja na nusu, anatoka saa tisa na nusu kama karani wa wizarani, nampimia mwenyewe kwa saa hii. Wakanyamaza. Ilinogea mdomoni. Kesho yake nikairudia. Mwezi haukuisha, mtaa mzima unajua kwamba mpwa wangu anafanya saa za serikali kwenye banda la chipsi.

Sasa nataka nikukumbushe Idd ile, ingawa najua hujaisahau.

Bwana Shaibu aliwapa ruhusa mpaka adhuhuri. Ukaamka, ukaoga vizuri, ukajisugua mpaka na kucha, ukavaa gauni la kitenge jipya na udi ukajifukiza. Ukatoka uani jua likiwa limeshachomoza, mie nipo pale nakunywa chai na vitumbua, mama yako amempakata Rehema. Ukanyoosha mikono, mtoto akajificha kwenye shingo ya bibi yake, akalia. Mama yako akamwambia si mama yako huyo, nenda.

Rehema akasema, "Siyo. Mama ananuka chipsi."

Mie nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kisa kile nilikwenda kukisimulia kijiweni siku hiyohiyo, wakacheka na wao. Kitu ambacho sikukisimulia ni ulichofanya baadaye. Ulirudi ndani, ukavua lile gauni, ukajifunga kanga yako ya kazini ambayo haijafuliwa, ukatoka nayo na Idd yote ile. Mtoto akaja mwenyewe. Ukakaa naye kwenye kizingiti hadi wakati wa kwenda kazini, na mafuta ya jana yakiwa shingoni kwako.

Mtoto alikuwa anakujua gizani tu. Unaondoka amelala, unarudi amelala. Miaka miwili na nusu, na sura yako ya mchana hajaisoma. Mie nilikuwa hapohapo, kijitumbua mkononi, nikaona ni kichekesho.

Wiki iliyofuata ukaja chumbani kwangu. Ukabisha hodi, ukapiga goti, ukasema mjomba niazime saa yako siku saba tu, nataka niandike naingia na kutoka saa ngapi, nimpelekee balozi. Ulikuwa umeshaongea na Anjelina na Rajabu. Hamkutaka makubwa: adhana ya alasiri ikikukuta umefanya kazi tangu alfajiri, uende nyumbani mtoto yuko macho. Na bwana akitaka kufungua gunia la pili, gunia la pili liwe na malipo yake. Basi.

Nikakwambia saa ya nahodha haivaliwi na mwanamke, inaondoka baraka. Ukaniangalia kidogo, ukasema haya mjomba, ukatoka.

Sikukunyima kwa ubaya, mwanangu. Nilikunyima kwa sababu ile saa ilikuwa maiti. Niliinunua Kariakoo kwa mtu aliyekuwa anakimbia mgambo, ikafanya kazi siku tatu, ya nne ikasimama, na mie nikaendelea kuitia majira kila asubuhi mbele za watu kwa miaka minane. Nilikuwa nachungulia kivuli cha mnazi wa jirani ndipo natazama mkono. Sijawahi kukosea sana, kwa hilo nijisifu kidogo.

Mkaenda bila saa. Baraza lilikuwa Ijumaa baada ya swala, kibarazani kwa Bi Chausiku, watu wamejaa mpaka kwenye mfereji. Ukaeleza vizuri kabisa, sauti haikutetemeka. Bwana Shaibu hakubishana na wewe. Alikuwa amesuka lake. Akasema yeye hana haja ya kuapa, kwa kuwa mjomba wa huyu binti, ambaye ndiye aliyemleta, na ambaye peke yake mtaani hapa ana saa ya maana, anasema kila siku kijiweni kwamba mpwa wake anafanya saa za serikali. Muulizeni mwenyewe, yule pale.

Watu wote wakageuka. Fundi baiskeli alikuwepo, wale wote walionyamazishwa na maneno yangu walikuwepo. Bi Chausiku akasema haya, mzee mwenzangu, wewe unakaa naye nyumba moja. Anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi?

Nilikuwa na njia mbili, Mwanahamisi. Niseme nilikuwa najigamba, au nikuache. Nikainua mkono, nikaitazama ile maiti muda mrefu kama mtu anayesoma. Nikasema, "Saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu."

Bi Chausiku akakuuliza, binti, unasemaje? Na wewe ulikuwa na la kusema, tena ungelisema ningezikwa palepale. Lakini kwetu mjomba hakanushwi mbele za watu na mtoto wa dada yake. Mama yako alikufundisha hivyo, na mie ndiye niliyekuwa nakukazia. Ukatazama miguu yako, ukasema, "Mjomba ameshasema."

Aliyewaokoa wenzako ni Anjelina, yeye si mpwa wa mtu pale. Akasimama, akasema mie ni Mkristo, saa sina, lakini adhana naisikia. Ya alfajiri inanikuta nimeshika kisu, ya isha inanikuta nimeshika kisu hichohicho. Bi Chausiku akamgeukia Bwana Shaibu, akamuuliza alfajiri unaswali wapi? Akasema msikitini. Akamuuliza ukipita pale bandani kwako, mlango unaukuta wazi au umefungwa? Mtu ametoka kuswali Ijumaa na udhu bado anao. Akafutafuta kofia yake.

Wakapata, wenzako. Zamu mbili, alfajiri mpaka alasiri, adhuhuri mpaka isha, na gunia la pili lina malipo yake. Ulichokwenda kukiomba wewe wakapewa wao. Wewe uliambiwa wiki hiyohiyo kwamba mzushi hana nafasi, maana hata mjomba wako mwenyewe amekukana. Rajabu alijaribu kukusemea, akaambiwa na yeye anataka kupumzika?

Siku unayoondoka kwenda Morogoro nilikuwa nimekaa kibarazani kwetu. Ulitoka na begi, Rehema amekushika kidole. Ungeweza kunipita. Nilikuwa naomba unipite. Ukasimama, ukapiga goti kama kawaida, ukasema, "Shikamoo, mjomba."

Sikuitika. Nilitazama saa. Nilijifanya nina mahali nachelewa, nikainuka nikaingia ndani, na saa yenyewe ile maiti.

Sasa nikupe habari za huku, nawe ucheke, una haki. Kiwanda chetu cha nguo kiliuzwa. Mie niliyekuwa nasema mashine ya tatu haiwaki bila mkono wangu, tulipangwa mstari, tukapunguzwa, na nasikia mashine ya tatu inawaka vizuri tu. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikiwaambia watu nasubiri kuitwa. Siku moja mama yako akaniwekea sahani ya ugali, mboga hakuna, akasema kaka, kwa Bwana Shaibu wanatafuta mtu wa kumenya viazi. Hakusema zaidi. Hajawahi kusema zaidi tangu ulipoondoka.

Nikaenda. Anjelina ndiye mkubwa pale siku hizi. Angeweza kunifukuza kwa mwiko. Alinipa kisu na kigoda, akanionyesha namna ya kukaa mgongo usije ukakatika. Ilipofika alasiri adhana ikalia, mie bado nainama, sijui kitu. Akanigusa bega, akasema mzee, weka kisu chini, siku yako imeisha. Nikamwambia gunia bado. Akasema, "Hapa hatuendi kwa gunia. Aliyelikomesha ni Mwanahamisi wenu."

Nilitembea kurudi nyumbani kuna jua. Vidole vimenyauka kwa maji, kiuno kimekufa, lakini jua lipo, watoto wa mtaa wanacheza rede njiani, na mie nawaona. Nikafikiri, hii ndiyo njia aliyoitaka mpwa wangu. Hii hapa, mita mia nne tu, ipitwe kukiwa na mwanga. Nikakaa chini kwenye ukuta wa jirani. Mtu akaniuliza mzee vipi, nikamwambia mchanga umeniingia kiatuni.

Bwana Shaibu amezeeka, na mwezi huu mwanawe Swalehe kashika banda. Kijana wa biashara, kaweka na redio kubwa. Akasema zamu za adhana ni ushamba, turudi kwenye gunia. Anjelina akampeleka kwa Bi Chausiku. Pale kibarazani Swalehe akasema zamani baba alifanya kwa gunia na hapakuwa na tatizo, hata yule binti aliyelalamika alikanwa na mjomba wake, na bahati nzuri mjomba huyu hapa, na saa yake mkononi.

Watu wakageuka. Walewale, wameongezeka mvi tu.

Nikaivua. Mkono ulibaki na alama nyeupe kama bangili. Nikampa Bi Chausiku. Akaiweka sikioni, akasubiri, akasema hii imekufa. Nikasema naam. Akasema tangu lini? Nikasema tangu siku ya nne. Watu wakaanza kucheka, fundi baiskeli akauliza na nahodha je? Nikamwambia nahodha hayupo, na meli haipo, na kamba haipo. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mie nikawaacha wacheke.

Bi Chausiku hakucheka. Akaniuliza siku ile ulipotaja saa tisa na nusu, ulisoma wapi? Nikamwambia sikusoma popote, balozi. Mpwa wangu alikuwa anatoka kabla ya adhana ya alfajiri, komeo nilikuwa nalisikia, anarudi baada ya isha mtoto amelala. Nilisikia kila siku, miaka miwili na zaidi. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa nimeshautangaza.

Kicheko kikakatika. Swalehe akatazama viatu vyake. Zamu zimebaki, gunia la pili limebaki na malipo yake, na Bi Chausiku ameyaandika yote kwenye daftari ili asitegemee tena ulimi wa mtu. Nilipotaka kuondoka akanirudishia saa, akasema, "Uliyemkosea hayuko hapa. Kamwambie na yeye."

Ndiyo nakwambia. Naandika mchana, mlangoni, baada ya zamu yangu. Nasikia na wewe una banda lako hapo stendi, na wasichana wako wawili wanakwenda zamu. Sishangai. Mie huku siku hizi namenya kiazi kizima ganda lisikatike, linashuka refu kama utepe, Anjelina ni shahidi. Haya, mara nyingi linakatika.

Sikuombi urudi, wala sikuombi useme umenisamehe. Hilo ni lako, kaa nalo mpaka utakapotaka. Saa nimeifunga humu kwenye kitambaa, mpe Rehema aichezee. Mwambie ni ya babu yake mwongo, haina majira. Na mwambie pia, siku atakayouliza, kwamba mama yake alipokuwa ananuka chipsi alikuwa amesimama tangu alfajiri, na kwamba aliyejua ni mie.

Salamu niliyokuahidi hii hapa. Ulinipa mlangoni siku ile, umepiga goti, begi chini, na mie nikaingia nayo ndani bila kuijibu.

Marahaba, Mwanahamisi. Marahaba, mwanangu.

Mjomba wako,
mmenya viazi wa zamu ya asubuhi,
Mwananyamala.